Pumzi ya Safari Ndefu

Safari ya kilomita 200 kwa baiskeli humchukua mtu wa kawaida aliyejiandaa kati ya saa 8 na 12. Ndani ya muda huo hakuna dakika ambayo, ikitazamwa peke yake, inamzidi nguvu mtu mzima mwenye afya. Kinachomshinda ni marudio. Miguu huzungusha pedali kiasi cha mara 40,000, mgongo umeinama, viganja vimebanwa kwenye usukani, na tumbo linatakiwa kusaga chakula huku damu nyingi imekwenda miguuni. Uwezo wa kufanya kazi ndogo kwa muda mrefu ndio pumzi ya mwendesha baiskeli, nao si sawa na nguvu za misuli wala si sawa na kasi. Mtu anaweza kuwapita wenzake wote katika mita 500 za mwisho, na asiweze kufika kwenye hizo mita 500.

Kwamba pumzi hii hujengwa na kazi, ushahidi uko barabarani kila alfajiri. Wachukuzi wa mkaa wanaoingia Morogoro na Lubumbashi, vijana waliovusha abiria mpakani Busia kwa boda boda za pedali kabla pikipiki hazijawanyang'anya kazi hiyo, waendesha toleka (baiskeli za kubeba abiria) wa Kisangani: wote wamejengeka kwa njia moja. Baiskeli nzito ya chuma yenye gia moja, mwendo wa chini, saa nyingi, siku baada ya siku. Hakuna aliyewaandikia programu ya mazoezi. Kilichofanywa na maabara za Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1960 ni kueleza kwa nini njia hiyo inazaa matunda, na jinsi mtu anayekaa ofisini siku tano anavyoweza kupata sehemu ya faida yake kwa saa chache za wiki.

Kinachobadilika mwilini

Misuli hutegemea akiba mbili za nishati. Ya kwanza ni wanga uliohifadhiwa kama glaikojeni: gramu 400 hadi 500 hivi katika misuli yote, na gramu 100 au pungufu kwenye ini. Jumla yake ni karibu kalori 2,000, zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Ya pili ni mafuta. Mtu mwembamba wa kilo 60, ambaye sehemu ya kumi tu ya uzito wake ni mafuta, ana zaidi ya kalori 45,000 mwilini. Kwa hesabu hiyo angeweza kuendesha siku kadhaa bila kula, lakini mafuta hayaitiki haraka. Huchomwa taratibu, na hudai oksijeni nyingi zaidi kwa kila kalori, hivyo mwendo unapopanda mwili huyaweka kando na kukimbilia wanga. Anayekwenda kwa bidii hutumia kalori 600 au zaidi kwa saa, na nyingi kati ya hizo hutoka kwenye ile akiba ndogo. Baada ya saa mbili au tatu akiba hiyo iko ukingoni.

Kila aliyewahi kuishiwa njiani anazijua dalili. Miguu inagoma, jasho la baridi linatoka, mikono inatetemeka, hasira inakuja bila sababu. Huo si uchovu wa kawaida, na kukaa chini ya mwembe hakuuondoi. Dawa yake ni chakula, na hata chakula huchukua dakika nyingi kabla hakijafika miguuni.

Mazoezi hubadilisha hesabu hii kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni kuikuza akiba ya wanga. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walichapisha jaribio walilojifanyia wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi akachoka kabisa, mguu wake wa pili ukipumzika. Kwa siku zilizofuata walikula wanga kwa wingi. Vipande vidogo vya misuli vilivyochotwa kwa sindano vilionyesha kuwa mguu uliofanya kazi umeweka glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Chakula kilikuwa kimoja, damu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kazi. Jaribio hilo la watu wawili limefundisha ulimwengu wa michezo mambo mengi kuliko vitabu vinene vilivyolitangulia.

Upande wa pili ni kuitumia akiba hiyo kwa uchache. Ndani ya seli za misuli mna mitokondria, sehemu ndogo sana ambamo mafuta na wanga huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nishati. Mwaka 1967 John Holloszy, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, alionyesha kuwa panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa walikuwa na misuli yenye uwezo wa kutumia oksijeni unaokaribia maradufu ya wenzao waliokaa tu. Hali ni hiyo kwa binadamu pia. Mtu mwenye mitokondria nyingi huweza kwenda kwa mwendo uleule wa jana akichoma mafuta mengi zaidi na wanga kidogo zaidi, na wanga alioubakiza ndio utakaompandisha kilima cha mwisho.

Mabadiliko mengine huja kila moja kwa wakati wake. Maji ya damu huongezeka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na ndiyo sababu anayeanza hujiona amepiga hatua kubwa mapema. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, huongezeka kuizunguka misuli kwa muda wa wiki na miezi. Mwisho kabisa huja kano za magoti na za visigino, na hapo ndipo wengi huumia: mapafu na moyo vikisema twende, goti bado halijawa tayari.

Mwendo wa kuongea

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa mwendo ambao wanaoanza huuona wa aibu. Kipimo chake rahisi ni mdomo. Mwendesha baiskeli anayeweza kusimulia kisa kwa sentensi nzima, bila kukata neno ili avute hewa, yuko kwenye mwendo sahihi. Akianza kujibu kwa neno moja moja, amepita. Akiweza kuimba vizuri, pengine anatembea tu. Kwa mwenye kifaa cha kupima mapigo ya moyo, mwendo huo huangukia takriban asilimia 60 hadi 75 ya mapigo ya juu kabisa ya mtu. Ile kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ni ya kukisia. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20, kwa hiyo mdomo ni kipimo bora kuliko kanuni.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wa ngazi ya juu wanavyogawa mazoezi yao: wapiga makasia, wakimbiaji, watelezaji kwenye theluji, waendesha baiskeli. Alikuta kwamba takriban vipindi vinane kati ya kumi ni vya mwendo mwepesi, na viwili tu ndivyo vya kuumiza. Wanamichezo hao hawakuwa wamepatana mapema juu ya mgawanyo huo. Kila mchezo uliufikia kivyake, kwa miaka ya kujaribu na kukosea.

Waendesha baiskeli wa kujifurahisha hufanya kinyume. Kundi hutoka Jumapili alfajiri kwa maneno ya upole, mmoja anaongeza kasi kidogo, wa pili hakubali kuachwa, na kufikia kilomita ya 20 imekuwa mashindano. Matokeo yake ni mazoezi ya katikati: magumu mno kwa mwili kupona haraka, na mepesi mno kuongeza uwezo wa juu. Anayefanya hivyo kila siku huboreka kwa miezi miwili, kisha hukwama pale pale mwaka mzima na kulaumu baiskeli yake. Kosa hili ndilo linalowarudisha nyuma watu wengi kuliko uvivu.

Wiki, mwezi, na safari ya Jumamosi

Kwa mtu mwenye kazi na familia, siku nne za baiskeli kwa wiki zinatosha kumfikisha kilomita 200. Mbili ni fupi na nyepesi, za dakika 45 hadi 90, na safari ya kwenda kazini na kurudi huhesabiwa humo bila wasiwasi. Moja ni ya kazi ngumu. Moja, kwa kawaida ya mwisho wa wiki, ni ndefu.

Safari ndefu ndiyo uti wa mgongo wa mpango wote. Anayeweza leo kwenda kilomita 40 bila taabu anaweza kupanda hivi: 40, 50, 60, kisha kushuka hadi 40, halafu 70, 80, 95, kushuka hadi 60, halafu 110, 125, 140. Wiki ya nne ya kushuka si ya mapambo. Mwili haujengwi wakati wa kuendesha bali wakati wa kupumzika, na anayeruka wiki hiyo hulipa kwa goti au kwa mafua. Hakuna haja ya kufika 200 kabla ya siku yenyewe. Aliyefika 140 akiwa na nguvu za kubaki amekwisha kuwa na mwili unaohitajika, na kilomita 60 zilizobaki zitategemea zaidi chakula na mwendo aliouanza nao.

Ni vizuri kupima kwa saa kuliko kwa kilomita pale barabara inapokuwa mbaya. Kilomita 60 za vumbi na mchanga zinaweza kuchukua muda wa kilomita 100 za lami, na moyo hausomi vibao vya barabarani.

Siku ngumu inaweza kufanywa kwa namna nyingi. Iliyopimwa sana, na isiyohitaji hesabu, ni kurudia mara nne dakika nane za mwendo mkali unaoweza kuhimiliwa hadi mwisho, kwa mapumziko ya dakika mbili ya kuzungusha pedali kwa wepesi katikati. Mwenye kilima kirefu karibu na nyumbani hana haja ya saa. Apande, ashuke, apande tena. Wanaoanza wasiiguse kazi hii kabla ya wiki sita za mwendo wa kuongea, kwa sababu ya zile kano zinazochelewa.

Mazoezi ya kunyanyua vyuma yalidharauliwa na waendesha baiskeli kwa miongo mingi kwa hofu ya kuongeza uzito. Utafiti wa Bent Rønnestad na wenzake huko Norway uliondoa hofu hiyo: waendesha baiskeli waliobobea waliochanganya vyuma vizito na baiskeli waliweza, baada ya saa tatu za kuendesha, kutoa nguvu zaidi katika dakika tano za mwisho kuliko wale waliotegemea baiskeli pekee. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na asiye na vyuma anaweza kuchuchumaa na kusimama akiwa na ndoo za maji.

Kula ukiwa njiani

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hufia kwa uzembe tu. Mwenye pumzi ya miaka kumi akisahau kula ataishiwa sawa na aliyeanza jana.

Utumbo wa binadamu huweza kunyonya takriban gramu 60 za glukosi kwa saa wakati wa kazi. Kwa safari inayozidi saa mbili, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ndicho kiwango cha kulenga. Tafiti za Asker Jeukendrup na wenzake zilionyesha kuwa glukosi ikichanganywa na fruktosi kiwango hupanda hadi gramu 90, kwa kuwa kila moja ina mlango wake kwenye ukuta wa utumbo. Maduka ya baiskeli huuza mchanganyiko huo kwenye vipakiti vya bei ya kutisha. Sukari ya kawaida ya dukani ni nusu glukosi na nusu fruktosi.

Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga. Tende ndogo tano au sita zina kama gramu 30, ni nyepesi, haziharibiki na jua, na huliwa kwa mkono mmoja. Kiazi kitamu kidogo kilichochemshwa na kutiwa chumvi kina kiasi kinachokaribia hicho, na huwafaa waliochoshwa na utamu. Vyakula vya mafuta mengi, chipsi mayai na sambusa, hukaa tumboni muda mrefu na hufaa tu kwenye mapumziko marefu ya safari ya polepole. Kuhusu kinywaji, lita moja ya maji yenye vijiko vitano vya chakula vya sukari, vilivyosawazishwa, na robo kijiko cha chai cha chumvi hutoa gramu 60 za wanga na sehemu nzuri ya chumvi inayopotea kwa jasho. Tone la ndimu huondoa kinyaa.

Kula kuanze ndani ya dakika 45 za kwanza, kabla njaa haijaja, na kuendelee kidogo kidogo kila nusu saa. Tumbo nalo hufundishika: anayekula gramu 60 kwa saa kwa mara ya kwanza siku ya safari kubwa atatapika, ilhali aliyezoea katika safari za Jumamosi hatahisi kitu. Kwa sababu hiyo chakula kipya, hata kiwe kimesifiwa vipi, hakijaribiwi siku hiyo.

Maji yana hatari mbili, na inayojulikana ni moja tu. Upungufu unaozidi asilimia 2 ya uzito wa mwili huanza kupunguza uwezo, hasa kwenye joto. Njia ya kujua hitaji la mtu ni mizani: apime kabla na baada ya safari ya saa moja au mbili, na kila kilo iliyopungua ihesabiwe kuwa lita moja ya maji. Wengi huangukia nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na kwenye fukuto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi Februari mtu mzito anaweza kuvuka lita moja. Hatari ya pili ni kunywa kupita kiasi maji matupu kwa saa nyingi hadi chumvi ya damu ikashuka. Huleta kichefuchefu, kuvimba vidole na kuchanganyikiwa, na imewahi kuua. Anayemaliza safari akiwa na uzito mkubwa kuliko alioanza nao amekunywa kupita kiasi.

Baada ya kufika, sahani ya wali na maharage ndani ya saa moja ni chakula cha kupona kisicho na kasoro: wanga wa kujaza akiba na protini ya kutengeneza misuli. Akiba hujaa tena kwa siku nzima hivi, ikiwa mtu anakula vya kutosha. Anayefunga Ramadhani abaki na safari fupi nyepesi karibu na kufuturu au baada yake. Mwezi huo ni wa kulinda pumzi iliyopo.

Siti, magoti na viganja

Baiskeli isiyomkaa mtu huharibu kazi yote iliyotangulia, na kasoro isiyohisiwa katika kilomita 20 hugeuka maumivu makali katika kilomita 150. Urefu wa siti hupimwa kwa kuweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Mpira wa unyayo ukirudishwa mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema siti iko chini. Ya nyuma ya goti husema iko juu. Marekebisho yafanywe kwa milimita tano tano, na kila moja lipewe safari mbili tatu kabla ya lingine.

Siti laini yenye sponji nyingi hudanganya. Mifupa ya makalio huzama, nyama laini za katikati hubeba uzito, na ganzi hufuata. Siti ngumu kiasi, yenye upana unaolingana na mifupa hiyo, pamoja na kaptura yenye kitambaa cha kukalia inayovaliwa bila nguo ya ndani, huwafaa wengi. Mafuta ya vaselini huzuia michubuko. Ganzi ya vidole vya mwisho vya mkono hutokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja. Kubadilisha mshiko kila dakika chache ni kinga bora kuliko glavu.

Kuzungusha pedali kwa wepesi, mara 80 hadi 95 kwa dakika kwa mwenye gia nyingi, hupunguza mzigo wa magoti na kuuhamishia kwenye moyo, ambao huchoka polepole zaidi. Mwenye baiskeli ya gia moja hana hiari hiyo. Ashuke na kusukuma kwenye mlima mkali. Wachukuzi wa mkaa hufanya hivyo bila kuona haya.

Joto, upepo na vilima

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za kufanya kazi ndani yake. Jasho huanza mapema, hutoka kwa wingi na huwa na chumvi kidogo, na mapigo ya moyo hushuka. Anayetoka Arusha au Nairobi kwenda kuendesha pwani afike mapema, au akubali kwenda polepole.

Upepo hudai zaidi ya vilima, ingawa vilima ndivyo vinavyoogopwa. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu huishia kusukuma hewa, na nguvu inayohitajika huongezeka karibu kwa mchemraba wa kasi. Kwa hiyo kuongeza kilomita tatu kwa saa dhidi ya upepo ni gharama mbaya kuliko zote. Majira ya kusi, anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo husukumwa mgongoni na kujiona bingwa. Akigeuka ndipo anapolipa. Kuendesha nyuma ya mwenzake huokoa robo ya nguvu au zaidi, ndiyo maana watu wanne wanaopokezana mbele hufika kabla ya mmoja mwenye nguvu kuliko wote.

Kuhusu vilima, dunia ilipata somo Kigali Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 zenye jumla ya mpando wa zaidi ya mita 5,000, katika mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na wengi wa walioanza, wakiwamo waajiriwa wa mchezo huo, hawakumaliza. Mpando hupandwa kwa mwendo wa kuongea tangu mita ya kwanza. Anayeuvamia hulipa mara mbili, mara ya kwanza akiwa kileleni na mara ya pili kilomita 50 mbele.

Kupumzika na kuugua

Usingizi wa saa saba hadi tisa hufanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuifanya. Dalili za kuzidisha ni mapigo ya moyo ya asubuhi yaliyopanda kwa siku kadhaa, usingizi mbovu licha ya uchovu, na kuchukia kuiona baiskeli. Dawa ni siku tatu nne za kukaa. Mwenye homa haendeshi kabisa, iwe ya malaria au ya mafua, kwa kuwa baadhi ya maambukizi hushambulia msuli wa moyo. Uchovu usioisha kwa wiki nyingi, hasa kwa wanawake, unastahili kipimo cha damu, maana upungufu wa madini ya chuma hujificha ndani yake.

Hofu ya kupoteza kila kitu kwa kupumzika haina msingi. Edward Coyle na wenzake, mwaka 1984, waliwapima wanamichezo walioacha mazoezi kabisa: katika siku 21 za kwanza uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 tu. Juma moja la ugonjwa halifuti miezi mitatu ya kazi.

Wiki za mwisho na siku yenyewe

Katika wiki mbili za mwisho, wingi wa mazoezi hupunguzwa hadi karibu nusu, huku vipande vichache vya mwendo mkali vikibaki. Kufidia safari zilizokosekana wakati huu ni kujichosha bure, kwa kuwa mwili hauna tena muda wa kujenga. Siku mbili za mwisho wali, ugali, viazi na ndizi zichukue sehemu kubwa ya sahani.

Vipimo vinavyotumika duniani kwa safari hizi vimewekwa na Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1904. Mwendeshaji hubeba kadi inayogongwa mhuri kwenye vituo, na hakuna mshindi. Kilomita 200 hupewa saa 13 na dakika 30, kilomita 300 saa 20, kilomita 400 saa 27, na kilomita 600 saa 40. Wanaokamilisha ngazi hizo nne huweza kujaribu Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1,200 inayofanyika kila baada ya miaka minne kwa muda usiozidi saa 90. Ilipoanza mwaka 1891 ilikuwa mashindano, na Charles Terront aliishinda kwa saa 71 na dakika 22. Leo wengi wa wanaoimaliza ni watu wa kazi za kawaida, na wenye umri wa miaka 50 na zaidi ni wengi miongoni mwao.

Saa 13 na nusu kwa kilomita 200 ni wastani wa chini ya kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwamo. Mwendo huo hauhitaji kipaji. Unahitaji saa ya kwanza iendeshwe polepole kuliko hamu inavyotaka, vituo visizidi dakika chache, maji yajazwe kabla ya kuisha, na tyubu ya akiba na pampu viwemo kwenye mkoba, kwa kuwa pancha moja bila vifaa inaweza kula saa nzima. Anayetoka saa 11 alfajiri akiwa na taa hupata baridi ya asubuhi kwa kilomita 60 za mwanzo na hufika kabla ya giza.

Aliyemaliza 200 ndani ya muda, na kesho yake akapanda ngazi bila kushika ukuta, tayari ana mwili wa kumfikisha 300. Anachokosa ni taa nzuri, nguo ya baridi, na mazoea ya kula saa nane za usiku.